Salamabila: mfadhili wa kwanza ni nani?

Ufadhili unaoongozwa na jamii ni utaratibu ambao watu wenye shida ndio wanaoamua kifanyike nini, ndio wanaotoa sehemu ya mali, na ndio wanaosimamia matumizi, hata pale fedha za nje zinapoongezwa juu ya zao. Misaada ya kimataifa kwa kawaida hupita njia nyingine. Fedha hutoka kwa serikali na matajiri wa nchi za mbali, huingia katika mashirika makubwa ya Umoja wa Mataifa au yasiyo ya kiserikali, na humfikia mwananchi zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Tangu 2020, wafanyakazi wa mashirika hayo wenyewe wamekuwa wakiuliza hadharani kama mpangilio huo wa nani aamue na nani aamuliwe unatokana na uwezo au unatokana na rangi. Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka 130.

Salamabila ni mji wa machimbo katika teritwari ya Kabambare, jirani na teritwari ya Kasongo. Mashariki yake ni Fizi ya Kivu Kusini, na kusini ni jimbo la Tanganyika. Watu wanasema Kiswahili cha Kongo, wanalima mihogo, mpunga na karanga, na wengi wanaishi kwa dhahabu. Mgodi wa Namoya, ulio karibu na mji, uliendeshwa na kampuni ya Banro yenye makao yake Toronto, Kanada. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Januari 2016 na ukasimamishwa Septemba 2019 kwa sababu ya usalama, baada ya mashambulizi ya makundi yenye silaha. Miongoni mwao lilikuwamo kundi la Mai-Mai Malaika, lililojinadi kuwa linatetea haki za wenyeji juu ya dhahabu yao. Vita hivyo vilifukuza vijiji vizima na kuwaacha wanawake wengi wakiwa wahanga wa ubakaji. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifungua mradi Salamabila kwa ajili ya tiba, hasa ya wahanga hao.

Hisani iliyokuja na bunduki

Mfano wa kwanza unaanza mwaka 1888, Kardinali Lavigerie alipozunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Nchini Ubelgiji likaundwa shirika la kupinga utumwa lililokusanya michango kwa waumini, na sehemu ya michango hiyo ikalipia misafara ya silaha kwenye Ziwa Tanganyika. Mmojawapo ulikuwa wa Kapteni Jacques, aliyejenga ngome ya Albertville, Kalemie ya leo, mwishoni mwa 1891. Utumwa wenyewe ulikuwa wa kweli na ulikuwa wa kikatili. Kasongo ulikuwa mji mkuu wa himaya ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Kabambare kilikuwa kituo cha misafara kati ya Kasongo na Ujiji. Na Nyangwe, kando ya Lualaba, ndiko Livingstone aliposhuhudia mauaji ya sokoni Julai 1871.

Hata hivyo, vita vya 1892 hadi 1894, vilivyotangazwa Ulaya kuwa ni vya ukombozi, viliiacha nchi mikononi mwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Kasongo uliangukia jeshi la dola hiyo, chini ya kamanda Dhanis, Aprili 1893, na Kabambare ukafuata mwaka uliofuata. Waliokombolewa wakajikuta chini ya dola iliyowalazimisha kutoa mpira na pembe za ndovu kwa mjeledi. Mtoaji wa Ulaya alikuwa amesikia habari za Maniema kutoka kwa Mzungu mwenzake, mwenye shida hakuulizwa anataka nini, na mkombozi akageuka mtawala.

Mfano wa pili ni mfuko wa ustawi wa wenyeji ulioundwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, ujulikanao kwa Kifaransa kama Fonds du Bien-Être Indigène. Mfuko huo ulijenga zahanati, visima na shule vijijini, na majengo yake mengine yanatumika hadi leo. Ulionekana kuwa zawadi ya Ubelgiji, lakini sehemu kubwa ya mtaji wake ilitokana na fedha ambazo Ubelgiji ilikuwa inairudishia Kongo kwa gharama za vita ambazo koloni lilikuwa limezibeba. Kwa lugha nyepesi, Wakongomani walipewa mali yao wenyewe kama sadaka, na walioamua mahali pa kuchimba kisima walikuwa wakubwa wa utawala wa kikoloni.

Mfano wa tatu ni mgumu kuuhukumu. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ilianzisha Kasongo mradi wa kupanga huduma za afya za teritwari nzima, miaka saba kabla ya mkutano wa Alma-Ata kuitangazia dunia habari ya afya ya msingi. Vituo vya afya viliwekwa karibu na watu, hospitali ikabaki ya rufaa, na wananchi wakawa na sauti katika kamati. Mfumo wa kanda za afya unaotumika Kongo yote leo umejifunza mengi kutoka huko. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Timu ya Mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na matokeo yake yalijadiliwa na mabingwa wa dunia kwa miaka mingi. Kasongo ulitoa watoto, wahudumu na maarifa. Mjadala wa maana yake ulifanyika Ulaya na Marekani. Kwa hiyo hata mradi uliowaheshimu wenyeji katika kazi ya kila siku uliacha ngazi ya elimu ilivyokuwa.

Kinachotolewa bila kuandikwa

Ripoti za misaada huhesabu magunia, mahema na dola. Mchango wa jamii hauna safu katika majedwali hayo, ingawa ndio unaotangulia. Kijiji kinaposhambuliwa, wengi wa waliokimbia mashariki mwa Kongo huenda kwenye nyumba za ndugu, marafiki, na mara nyingi za watu wasiowajua, kabla ya kufika kwenye kambi yoyote. Chukua familia ya watu saba yenye unga wa muhogo wa wiki kumi na mbili. Ikipokea watu watano, unga uleule unakwisha katika wiki saba. Wiki tano zilizobaki ni msaada uliokwisha kutolewa, na kwa kawaida mashirika huwasili baada ya hapo. Juu ya unga kuna chumba, sufuria, jembe la kuazima na kipande cha shamba. Mashirika yanapoandikisha waliohama peke yao na kumwacha mwenye nyumba, aliyetoa zaidi ndiye anayebaki mtupu, na ugomvi huanzia hapo.

Safari ya hospitali nayo ni mchango. Mahali ambapo gari halipiti, mgonjwa hubebwa kwa tipoyi. Vijana wanne hushika miti, wengine hufuata ili kupokezana, na mwanamke mmoja hubeba chakula cha njiani. Kwa aliyebakwa saa zina uzito mkubwa zaidi: dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inafaa kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kutoka kijiji cha ndani ya msitu saa hizo huisha haraka. Anayeamua kama mgonjwa atafika kwa wakati ni mama jirani anayeaminika, anayejua pa kwenda na anayejua kunyamaza, pamoja na mhamasishaji wa afya wa kijiji, yule anayeitwa reko. Mareko hao hawana mshahara. Hupata posho siku za kampeni ya chanjo, na siku nyingine hufanya kazi bure.

Akiba ya pamoja ni mchango wa tatu. Likilimba, ambayo Mtanzania angeiita upatu na Mkenya angeiita chama, ni ya zamani. Siku hizi umeongezeka mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, uliotokana na kazi ya shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Kikundi huwa na watu kumi na tano hadi ishirini na watano, na fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Katika kikao, kila mwanachama husikia kiasi kilichokuwamo mara iliyopita kabla sanduku halijafunguliwa, kisha fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kuna fungu la mikopo na kuna fungu dogo la kusaidiana kwa msiba, uzazi au ugonjwa, ambalo halirudishwi kwa riba. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, wanachama hugawana.

Dini zina mchango wao. Kasongo una mojawapo ya jumuiya kongwe za Waislamu nchini Kongo, na zaka na sadaka huwafikia wajane na mayatima bila fomu yoyote. Kanisa Katoliki lina dayosisi Kasongo na tawi lake la Caritas. Mchango mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulikuwa wa shule. Mishahara ya serikali ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi nchini kote walianza kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao, na waliendelea hivyo kwa karibu miaka thelathini, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Wazazi maskini waliubeba mfumo wa elimu wa taifa zima, na hakuna aliyewaita wafadhili.

Ubaguzi unakaa wapi

Ubaguzi wa rangi katika misaada hauhitaji mtu mwenye matusi. Unaweza kukaa katika mkataba wa kazi, katika fomu na katika bima, ukaendeshwa na watu wenye nia njema, wakiwamo Waafrika. Katikati ya 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd nchini Marekani, wafanyakazi wapatao 1,000 wa zamani na wa sasa wa MSF walitia sahihi barua iliyolishutumu shirika lao kwa ubaguzi wa kimfumo. Uongozi wa shirika ulikiri kuwa tatizo lipo. Mwaka 2021 shirika la Peace Direct lilichapisha ripoti ya kutaka misaada iondolewe ukoloni, na Juni 2022 kamati ya maendeleo ya kimataifa ya Bunge la Uingereza ikatoa ripoti juu ya ubaguzi wa rangi katika sekta hiyo. Kutokana na mijadala hiyo, na kwa kutazama kazi ilivyo mashinani, mambo matano yanajitokeza.

La kwanza ni malipo. Katika shirika kama MSF karibu wafanyakazi tisa kati ya kumi huajiriwa katika nchi ya mradi, lakini mkataba wa mgeni una mshahara, nyumba na likizo ambazo mwenyeji hapati, hata kama elimu na kazi zinafanana. Chini kabisa yupo reko asiyelipwa. Tofauti hiyo hutetewa kwa hoja ya soko la ajira, na hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, ila haielezi kwa nini vyeo vya kuamua vilibaki kwa muda mrefu mikononi mwa wageni.

La pili ni usalama. Wenyeji ni zaidi ya tisa kati ya kumi ya wafanyakazi wa misaada wanaouawa, kutekwa au kujeruhiwa duniani. Hali inapochafuka, mgeni huondolewa kwa ndege, na mwenyeji huambiwa aendelee na kazi kwa simu. Hatari huhamishiwa kwake bila fedha za kuikabili.

La tatu ni uaminifu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa dunia wa Istanbul, wafadhili na mashirika waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za dharura zingewafikia watoaji huduma wa nchini kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2022 zilizowafikia moja kwa moja zilikuwa asilimia 1.2. Sababu inayotajwa ni hatari ya wizi. Shirika dogo la Kabambare hudaiwa hesabu zilizokaguliwa, akaunti ya benki katika mji ambao uko mbali, na andiko la mradi kwa Kifaransa au Kiingereza. Likipata kazi, hupata gharama za shughuli tu. Fedha za kuendeshea ofisi, ambazo shirika la kimataifa hujikatia kama haki, kwake hazimo. Baada ya miaka mitano bado ni dogo, na udogo huo huwa ushahidi kwamba haliaminiki.

La nne ni elimu na lugha. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoua zaidi ya watu 2,200, utafiti wa Wafasiri Wasio na Mipaka ulionyesha kwamba maelezo mengi yaliandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu ambacho wakazi hawakukielewa vizuri. Wakazi waliohoji waliitwa wakaidi.

La tano ni mwili wa mwanamke. Septemba 2020 chombo cha habari cha The New Humanitarian na Wakfu wa Thomson Reuters walichapisha madai ya wanawake 51 wa mji wa Beni waliosema walidhulumiwa kingono na wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa Ebola, wengi kwa ahadi ya ajira. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021 ikiwataja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wa shirika hilo. Baadhi ya watuhumiwa walikuwa Wakongomani. Jambo hilo linafundisha kwamba anayepewa mamlaka na ngazi isiyoulizwa maswali anaweza kuyatumia vibaya, awe wa rangi yoyote.

Sadaka na haki

Salamabila kuna kishawishi cha kuchanganya hisani na deni. Banro ilikuwa na taasisi yake ya hisani iliyoendesha miradi ya shule, afya na maji. Miradi ya namna hiyo ina faida, lakini hutegemea hiari ya kampuni, na mgodi ukifungwa nayo hufungwa. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018 imeweka msingi mwingine. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Katika fedha hizo, asilimia 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mamlaka ya mtaa yenye mgodi, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni hutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, chini ya chombo chenye wawakilishi wa wananchi, na husaini nao orodha ya ahadi.

Kwa hiyo mwananchi wa Salamabila anayeuliza habari za zahanati anaweza kuwa anadai fungu lake la sheria. Kumwita mnufaika ni kumwondolea dai hilo. Shirika la misaada linaloingia eneo la mgodi bila kujua mafungu haya laweza, bila kukusudia, kulipia kwa fedha za huruma kitu ambacho kampuni au serikali inadaiwa. Kikundi cha raia kinachofuatilia asilimia 15 kinafanya kazi ya ufadhili ya hali ya juu, ijapokuwa hakigawi hata kilo moja ya mchele.

Mipaka ya jamii

Jamii nayo ina ngazi zake. Mgeni aliyehama hana ukoo wa kumsemea, mke wa pili hana sauti katika kikao cha ukoo, na aliyebakwa aweza kufukuzwa na mume kabla hajafika kwa mganga. Katika jimbo jirani la Tanganyika, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyoanza 2013 yalionyesha jinsi Waafrika wanavyoweza kuwabagua Waafrika wenzao kwa asili yao. Makundi yenye silaha nayo hujiita watoto wa nchi na kukusanya kodi kwa jina la jamii.

Kenya inatoa onyo la aina nyingine. Harambee ilijenga mamia ya shule na zahanati, kisha ikawa jukwaa la wanasiasa kununua heshima, hadi sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya 2003 ikawawekea mipaka katika kuchangisha. Michango ya hiari ikishikwa na wakubwa hugeuka kodi isiyo na risiti. Mfuko wa jamii unaostahili jina lake unahitaji kanuni zinazowalinda wanyonge: viti vya wanawake na waliohama katika kamati, hesabu zinazosomwa hadharani kwa Kiswahili cha mahali, na njia ya kulalamika isiyopitia kwa chifu wala kwa mwenyekiti.

Kinachoweza kubadilishwa

Mifano ya mifuko inayoongozwa na jamii ipo. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, hukusanya fedha za ndani na za nje na kuzisaidia jamii kujijengea akiba ya kudumu. Kongo kwenyewe, mwaka 2007 ulianzishwa mfuko wa wanawake uitwao Fonds pour les Femmes Congolaises, ambao hutoa ruzuku ndogo kwa vyama vya wanawake ambavyo wafadhili wakubwa hawavioni. Julienne Lusenge, mmoja wa waliouongoza, ndiye aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa tume iliyochunguza udhalilishaji wa wakati wa Ebola. Nchini Sudan, tangu vita vya Aprili 2023, vikundi vya dharura vya mitaani vimekuwa vikipika, kutibu na kuhamisha watu mahali ambapo mashirika ya kimataifa hayakuweza kufika, na baadhi ya wafadhili wamejifunza kuvipelekea fedha bila kudai makaratasi ya kawaida.

Uharaka wa mabadiliko uliongezeka mwaka 2025. Mwaka uliotangulia Marekani peke yake ilikuwa imelipia karibu asilimia 70 ya misaada ya dharura nchini Kongo. Fedha hizo zilipokatwa ghafla, hata dawa za wahanga wa ubakaji zilianza kukosekana katika vituo vya mashariki. Ushahidi ulikuwa wazi kwamba mfumo unaotegemea uamuzi wa mji mkuu mmoja wa mbali ni dhaifu hata kwa kipimo chake wenyewe. Wala jamii haiwezi kujaza pengo hilo peke yake: kikundi cha akiba hakitengenezi dawa za VVU, na familia yenye unga wa wiki saba haijengi hospitali. Kuisifu jamii kwa kujitegemea ili wenye mali wapate kuondoka ni ubaguzi uliovaa nguo mpya.

Mgawanyo wa kazi ulio wa haki unaweza kuelezwa bila maneno makubwa. Vitu ambavyo kijiji hakiwezi kuvipata, kama dawa, upasuaji na daraja, vitoke kwa serikali na wafadhili kwa mikataba ya miaka mingi. Uamuzi wa nani asaidiwe kwanza na kwa njia gani ubaki kwa kamati za mahali. Mwenyeji wa waliohama aandikwe pamoja na wageni wake. Reko alipwe. Shirika la nchini lipate gharama za uendeshaji kwa kiwango kilekile cha shirika la kimataifa, pamoja na bima na gari la kuondokea. Taarifa za mradi zirudishwe Salamabila kwa lugha inayosemwa huko kabla ya kupelekwa Geneva. Na hesabu ya mwaka iwe na safu mbili, moja ya kilichotoka nje na nyingine ya kilichotolewa na wakazi kwa unga, nyumba, kazi na fedha, ili anayeketi mezani kugawa madaraka aone nani ametoa nini.